Kuvu Yangu ya Mlima Kenya

Jumatatu, 8 Julai 1996

Leo mimi ni mtu mkubwa. Niandike polepole.

Majibu yamefika kutoka Nairobi. Daktari Wakonyo aliyasoma akiwa amesimama katikati ya maabara, miwani imeteleza mpaka ncha ya pua. Ile kuvu iliyoota kutoka udongo wa mfuko nambari kumi na nne inatengeneza kemikali ambayo haijawahi kuonekana popote. Ndani ya kemikali hiyo mna klorini. Si klorini ya kiwandani! Kuvu yenyewe inanyonya chumvi ya udongoni, inachukua klorini humo, inajitengenezea silaha ya kuua viini vinavyoikaribia. Viini vya vidonda, vile ambavyo dawa za hospitali zimeshindwa kabisa, vilikufa vyote kwenye kisahani. Ngatia, mwenzangu wa maabara, alisema Mungu ni mkuu. Mimi nikawakumbusha ni nani aliyeleta mfuko nambari kumi na nne.

Daktari akanigeukia kama mama aliyeona mtoto amepita mtihani. Akasema kuvu mpya hupewa jina la Kilatini, na hii ataomba iitwe kwa jina la aliyeichukua msituni. Mbaabu kwa Kilatini! Baba yangu huko Meru aliyesema sitafika popote, atasema nini sasa?

Kisha akaharibu siku. Ati kuvu imekuwa mvivu. Tangu iwekwe kwenye visahani vya sukari inanenepa tu, haitengenezi tena ile kemikali. Ngatia akiupima unga wake kwa waya wa shaba juu ya moto, moto hauwi kijani, na bila kijani hakuna klorini. Udongo uliobaki ulichemshwa na kutupwa, ndiyo sheria ya maabara. Kwa hivyo lazima turudi pale pale nilipouchimba, tuchukue mwingine, tuianze kuvu upya. Wafadhili wanakuja Ijumaa ya tarehe 26. Wakiona moto wa kijani wa kuvu iliyo hai, mradi unaendelea. Wasipouona, maabara hii ya Gatitu inafungwa na sisi watatu tunaenda nyumbani.

Daktari akasema bahati nzuri Mbaabu anapajua mahali penyewe. Nikasema napajua kama kiganja changu.

Sipajui. Sijawahi kufika huko.

Jumanne, 9 Julai

Nijieleze, maana humu hakuna wa kunihukumu.

Mwezi wa tatu nilitumwa mlimani na mifuko ishirini, nikachimbe udongo kwenye mianzi. Nilifika mpaka ukingo wa msitu. Hapo njiani palikuwa na kinyesi cha ndovu. Kikubwa. Kinatoa mvuke! Nilifikiri kwa makini, nikaona udongo ni udongo tu, na maisha ninayo mamoja. Nikarudi mtaani Majengo, ninakopanga chumba kwa Mama Raudha, nikaijaza mifuko huko huko. Mmoja nyuma ya bucha. Miwili kwenye mtaro. Lebo niliziandika kwa mwandiko mzuri sana: Mianzi, mita 2,900.

Nambari kumi na nne nilichimba uani kwa Mama Raudha, pembeni kwenye bomba. Nakumbuka vizuri kwa sababu udongo ulikuwa na ukoko mweupe juu. Mama Raudha anauza achari ya ndimu, na maji ya chumvi yanayobaki anayamwaga pembe ile, tangu binti yake Raudha hajazaliwa. Kuvu yangu ni ya achari.

Basi leo nilimwendea Daktari na mpango safi. Nikamwambia asijichoshe, nitapanda peke yangu, nirudi na gunia zima. Akakataa. Ati lazima apaone mwenyewe, apime mwinuko, apige picha. Tunaenda Jumatatu ijayo. Halafu akaniuliza jambo linalomkosesha usingizi. Kuvu hii inapenda chumvi nyingi, na mvua ya mlimani huosha chumvi yote. Je, pale nilipochimba niliona dalili yoyote ya chumvi?

Jasho lilinitoka na baridi yote hii ya Julai. Nikasema ndiyo, Daktari, ni mahali wanyama wanaporamba udongo! Akapiga makofi. Akasema Mbaabu, mbona hukusema mapema, hiyo inaeleza kila kitu! Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Ngatia akauliza mahali hapo ni upande gani. Nikanyoosha kidole dirishani. Ngatia akasema kwa upole kwamba huko ni Nyandarua, Mlima Kenya uko upande wa pili. Simpendi huyu mtu. Anaomba kabla ya kunywa chai na anaosha vikombe ambavyo hakuvitumia.

Jumatano, 10 Julai

Nimepata! Kama Daktari hawezi kuja uani, ua utaenda mlimani. Nitachimba ile pembe, niupeleke udongo msituni kwa magunia, niumwage, niongeze chumvi ya ng'ombe juu yake, na Jumatatu nimwonyeshe. Kuvu itakuwa ya kweli. Mahali patakuwa pa kweli, ila papya kidogo. Nani ataumia?

Nilimwambia Daktari nina homa, nikabaki nyumbani, nikaazima jembe. Sijachimba karai la kwanza, Mama Raudha akatokea mlangoni mikono kiunoni. Akataka kujua nachimba kaburi la nani. Ulimi ukaniokoa. Nikamwambia nimesikia Raudha anaolewa Jumamosi ya tarehe 20, nimeona aibu wageni wakanyage matope, namsawazishia ua.

Lo! Mama alikaribia kulia. Akasema kumbe Mungu amempa mtoto wa kiume bila yeye kujua. Akasema ni vizuri sana, kwa sababu mafundi wa simiti wanaanza Ijumaa.

Simiti! Ua wote utamwagwa zege kwa ajili ya harusi! Ningechelewa siku mbili tu, kuvu yangu ingezikwa. Nilishukuru nyota yangu, nikachimba kwa nguvu mpya. Sasa Mama akaleta kiti, akaketi, akawa ananionyesha. Chimba na hapa, mwanangu. Hapa pia. Shuka zaidi, fundi alisema lazima ufike kwenye udongo mwekundu. Kila nikitaka kuacha ananiletea mahamri na chai ya tangawizi na kunisifu mbele ya majirani. Nimechimba ua mzima mpaka udongo mwekundu. Mgongo hauko tena. Ila magunia mawili ya pembe ile niko nayo chini ya kitanda, na lundo lililobaki liko mlangoni likingoja kuondolewa.

Alhamisi, 11 Julai

Siku ya mateso. Homa yangu "imezidi", kwa hivyo Gatitu sikuonekana.

Pikapu ya kabichi inayorudi tupu ilinibeba na magunia mpaka Naro Moru. Kutoka hapo nilikodi punda. Punda huyo ana roho mbaya. Tulipofika penye mlima hasa alilala chini, akanitazama, akafunga macho. Nilimsukuma. Nilimbembeleza. Nilimwambia kuhusu klorini. Mwishowe alisimama kwa hiari yake na kurudi alikotoka, na magunia yangu mgongoni, nami nikimkimbilia nyuma.

Aliyemshika ni Gatimu, askari wa msitu, mzee mfupi mwenye koti refu. Akataka kujua hiyo udongo ni ya nini, watu wanaiba udongo msituni, huyu analeta! Nikamwambia ni dawa ya miti, siri ya serikali. Akaangalia gunia, akanusa, akasema dawa ya serikali inanuka ndimu. Nilimpa kilo ya sukari na kopo la ugoro. Akasema hata yeye ni serikali, siri ni yake pia.

Mianzi ilikuwa juu sana. Niliiona kwa mbali, imevaa ukungu. Nilichagua uwazi mzuri karibu na njia, kwenye mierezi, mahali mtu anaweza kufika bila kufa. Nikamwaga magunia yote mawili, nikasambaza kwa mguu, nikamwaga chumvi ya ng'ombe juu mpaka pakawa peupe. Hata mimi ningedanganyika! Gatimu aliniuliza kama nina uhakika na hiyo chumvi. Nikamwambia mambo ya sayansi awaachie wenyewe.

Ijumaa, 12 Julai

Nilirudi kazini nikikohoa kidogo. Ngatia akanipa pole, akasema jana jioni alipita Majengo kuniona na hakunikuta. Akaona ua umechimbwa. Akauliza naandaa bustani?

Huyu anachunguza! Ana kisahani chake, ana waya wake wa shaba. Akichota kijiko kimoja tu cha lile lundo mlangoni akakipima, nimekwisha. Jina langu la Kilatini litakwenda wapi?

Nilikimbilia Majengo wakati wa chakula cha mchana. Mafundi walikuwa wamefika. Fundi mkubwa akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wa ua, kama waiache ile pembe ya bomba bila simiti ili maji yapate pa kuingia. Nikasema wapi! Simiti kila mahali, mpaka ukutani, pasibaki hata pa kupitisha mchwa. Lori lililoleta kokoto lilikuwa linaondoka tupu. Nikamwita dereva, nikamwomba aondoke na lundo lote. Akasema atalimwaga penye shimo lolote barabarani. Nikamwambia asinieleze ni wapi.

Nikasimama nikitazama kokoto ikishindiliwa. Mama Raudha alinishika bega na kusema hajawahi kuona kijana anayemaliza kazi namna hii. Nikasema mimi ndivyo nilivyo.

Jumamosi, 13 Julai

Nimejaribu kuandika jina langu kwa Kilatini mara nyingi. Linapendeza zaidi herufi zikiinama.

Ngatia alikuja tena. Safari hii alinikuta. Alikaa kitandani akizungusha kofia mikononi. Akasema mke wake anajifungua mwezi ujao na kazi hii ndiyo nguzo yao, na hana pengine. Hanishuku, ati. Anataka tu nimwambie kama mtu na ndugu yake, mahali pale napajua kweli? Kwa sababu kama kuna shida yoyote, bado kuna muda, na yeye hatamwambia mtu.

Nilikasirika sana. Mtu anakuja kwa chumba chako, anakalia blanketi lako, anakuuliza kama wewe ni mwongo! Nilimwambia awe na imani. Akaondoka akisema ataniombea. Nilimpa kopo la achari ya Mama Raudha ampelekee mke, ili kumwonyesha kwamba sina kinyongo.

Jumatatu, 15 Julai

Niko hai. Nianze na hilo.

Tulipanda asubuhi na gari la mradi, Daktari, Ngatia na mimi. Gatimu alitupokea getini. Aliponiona alianza kusema kitu kuhusu punda, nikamkumbatia kwa nguvu mpaka akanyamaza. Tukatembea kwa mguu, Gatimu mbele na bunduki yake ya zamani. Daktari kila mara anatazama kipimo chake cha mwinuko. Akaniuliza kwa nini hatupandi tena. Nikasema njia inazunguka.

Tukafika. Mahali pangu hapakuwepo.

Palikuwa na shimo. Na ndani ya shimo, kichwa chini, akiramba, alikuwa mbogo. Mbogo mzima, dume, pembe zimefunika paji la uso! Gatimu alimwita Mungu kwa Kikuyu, Ngai, polepole sana. Huyo mnyama akainua kichwa. Mdomo wake wote ulikuwa mweupe kwa chumvi yangu.

Sijui nilipandaje mti. Nilijikuta juu ya mwerezi, Daktari kwenye tawi la chini yangu, Ngatia ameshikilia shina akiomba kwa sauti ya kunong'ona. Gatimu kwenye mti wa pili, bunduki ameiacha chini. Mbogo alikuja akasimama chini yetu, akapumua. Nilihisi joto la pumzi yake kwenye nyayo. Daktari alikuwa amelikumbatia tawi, na hata hivyo akanong'ona, kumbe wanakuja kweli, Mbaabu, ulisema kweli! Machozi yalimlengalenga. Tawi langu likalia kwaa. Niliahidi mambo mengi juu ya mti ule, mengine siwezi kuyaandika hapa. Mbogo akatuchoka, akarudi shimoni, akaramba mpaka akaridhika, akaondoka zake.

Daktari ndiye wa kwanza kushuka. Akapiga magoti shimoni. Udongo wangu wote ulikuwa umeliwa! Yamebaki matope yaliyochanganyika na mavi. Akakwangua kidogo kidogo kwa kijiko, akajaza mifuko. Kisha akatulia. Akatazama kipimo chake, akatazama lebo ya zamani ya mfuko nambari kumi na nne. Akatazama nyasi kando, ambako hakuna hata njia moja ya wanyama iliyokanyagwa zamani. Akaokota kitu kidogo, akakisugua kwa kidole gumba.

Akaniuliza, kwa utulivu, hii mbegu ya ndimu imefikaje hapa.

Nikasema ni nyani. Kuna nyani wa ajabu sana huku, Daktari.

Akaitia mbegu ile mfukoni, tukashuka kurudi Gatitu. Ngatia alitazama nje ya dirisha njia nzima.

Ijumaa, 19 Julai

Siku zote hizi hakuna anayenipigia kelele. Ni mbaya kuliko kelele. Nasalimiwa, naitikiwa, naachwa nikae.

Visahani vimeota. Nilipita nikavichungulia kupitia kioo. Manyoya! Kuvu za mavi ya mbogo, ndefu, za kijivu, zimekula kila kitu. Ngatia anatafuta katikati yake kwa sindano, macho mekundu. Anachukua kipande, anakipima kwa waya wa shaba, anatazama moto. Njano. Kingine. Njano. Nilijaribu kumtia moyo, nikasema labda anashika waya vibaya. Akaweka waya mezani, akatoka nje, akasimama kwenye baridi bila sweta.

Bado wiki moja wafadhili waje. Mimi sijakata tamaa. Nimefikiria kupaka waya chumvi kidogo wakati wa maonyesho, lakini nimesoma kwamba moto wa namna hiyo hauwadanganyi wakubwa.

Jumapili, 21 Julai

Harusi ya jana ilipendeza. Simiti ilisifiwa. Mama Raudha alinitambulisha kwa wageni wote kama msimamizi, nikapewa sahani mbili za pilau.

Leo mchana nilikuwa nimelala wakati mlango ulipogongwa. Daktari Wakonyo! Na nyuma yake Ngatia, ameshika kopo tupu la achari. Daktari alikuwa na kijiko na mfuko mmoja. Hakuwa na hasira usoni, na hapo ndipo niliogopa zaidi. Akasema mke wa Ngatia alipofungua kopo, Ngatia alinusa harufu ya udongo wa mfuko nambari kumi na nne, na mbegu zilizobaki chini ni zile zile za shimoni. Akasema hataki kujua kwa nini. Hataki kunisikia. Anataka tu nimwonyeshe mahali. Kijiko kimoja kitatosha.

Nilimwonyesha.

Alitazama simiti. Kutoka ukuta mpaka ukuta, inang'aa, imeoshwa kwa ajili ya harusi. Akauliza pembe ya bomba. Nikanyoosha kidole. Simiti. Akauliza udongo uliochimbwa uko wapi. Nikasema kuna lori. Akauliza lori la nani. Nikasema sikuuliza, na kwamba nilimwomba dereva asinieleze. Ngatia alifunga macho.

Mama Raudha akatoka kuona wageni. Daktari akamwamkia shikamoo, akamweleza yote, hapo hapo, juu ya simiti, kwa maneno mepesi: kwamba pembe yake ile ilikuwa na kitu kinachoweza kuponya vidonda vya watu, na huenda hakipo pengine duniani. Mama Raudha alisikiliza mkono mdomoni. Nikajua atakataa, nikapata nafuu kidogo, maana lawama zitakuwa zake. Akasema, harusi imeisha, vunjeni.

Ngatia aliazima nyundo kwa jirani. Alivunja pembe yote. Chini ya simiti, kokoto. Chini ya kokoto, udongo mwekundu, safi, mgumu. Alichimba mpaka mkono ukazama begani. Mwekundu tu. Nilikuwa nimesawazisha vizuri mno. Maisha yangu yote nimefanya kazi nusu nusu, na hii moja niliimaliza!

Daktari aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kwa dakika chache bila kujificha, kama watu wanavyolia msibani. Mama Raudha akamshika mabega. Ati ataanza kumwaga chumvi tena, kila siku, hata leo, hiyo kuvu itarudi tu, mwanangu. Daktari akamshukuru. Akasema huenda itarudi, huenda ni wajukuu wa Raudha watakaoiona.

Mimi nilisimama pale na koleo mkononi. Nilijisikia vibaya sana. Nilitaka kusema kitu kizuri, kikawa hakiji, nikamuuliza Daktari kama lile jina la Kilatini bado linaweza kutumika kwa kitu kingine.

Ijumaa, 26 Julai

Wafadhili walikuja na kuondoka. Sikuwepo, nilifukuzwa Jumatatu. Mama Raudha amesikia kutoka kwa Ngatia, nami nimesikia kupitia mlango. Waliona karatasi, waliona unga wa kwanza uliobaki, ule wa kabla kuvu haijawa mvivu, kiasi cha ukucha. Waliupima wao wenyewe na moto ukawa kijani, mara moja, ya mwisho. Wakauliza kuvu iliyoutengeneza iko wapi. Daktari akasema imepotea. Hakunitaja. Mradi umefungwa. Yeye anarudi Nairobi kufundisha, na Ngatia atalima kwa baba mkwe mpaka mtoto azaliwe.

Mama Raudha hanisemeshi. Ameniachia chai mlangoni imeshapoa.

Jioni Daktari alipita na gari limejaa masanduku. Hakushuka. Alishusha kioo, akaniuliza swali moja tu, la mwisho, ati kwa ajili ya watakaokuja baada yake, ili wasipoteze miaka yao wakitafuta mahali pasipofaa. Ile mifuko mingine kumi na tisa niliijaza wapi?

Nilimtazama yule mama. Amechoka, macho yamevimba. Nilijua anastahili ukweli, na ukweli ulifika mpaka kwenye meno.

Nikamwambia hiyo yote ni ya mlimani, Daktari, kwenye mianzi kabisa. Akaandika. Sikutaka kumwongezea huzuni.

Jumapili, 4 Agosti

Kianyaga ni pazuri! Chai kila upande, hewa safi, na hakuna anayenijua. Shangazi yangu Nkirote amenipatia kazi kwa watu wanaochunguza hali ya hewa. Nimekabidhiwa kopo la kupimia mvua, liko juu ya kilima nyuma ya majani chai. Kila asubuhi nipande, nisome maji yamefika wapi, niandike. Wakulima wa wilaya nzima watapanda kwa kufuata namba zangu! Jukumu zito, walisema, linataka mtu mwaminifu. Nilisema wamempata.

Kilima chenyewe ni kikali, na kwenye chai kuna umande mwingi wa kulowesha suruali. Leo nilipanda mpaka nusu, nikaketi kwenye jiwe, nikafikiria kwa makini. Nimeshaandika mvua mpaka mwisho wa Septemba. Nyingi ni za manyunyu. Tarehe 17 nimeweka kubwa sana, ya radi, ili isionekane kama nimebuni.